Jiwe la Mizani la Waya Risper

Safari yote ilinigharimu shilingi elfu sita mia nane na hamsini. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili ikawa elfu saba na sitini. Tofauti siwezi kuieleza, labda ni mandazi. Nawaandikia nyinyi mlioniuliza pale Mamboleo kwa nini kibanda changu cha vyuma kuukuu kilifungwa siku tatu katikati ya wiki, na hasa nyinyi mliosambaza kwamba nimekamatwa na vyuma vya reli. Sikukamatwa. Nilikwenda kumwona shangazi yangu, ambaye alikuwa amesimama karibu na bomu kwa sababu mimi ndiye nilimwambia asilishushe.

Mamboleo, picha ya tatu

Jumanne saa tatu asubuhi aliingia kibandani mtu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi mikunjo yake inaweza kukata mkate. Akajitambulisha kuwa Mutiso, zamani mwanajeshi, sasa yuko na shirika la misaada linalozunguka vijijini kufundisha watu juu ya mabomu yaliyobaki kutoka vita vya zamani. Nikamwambia hapa Mamboleo vita tulivyowahi kupigana ni vya kuegesha magari. Hakucheka.

"Mabomu hayakai yalipoangukia," akasema. "Yanatembea na vyuma kuukuu. Na safari yake inaishia kwa watu kama wewe, wenye nyundo."

Alikuwa na karatasi ngumu yenye picha za vitu vya kutonunua. Nilizitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ya jirani. Ya tatu ilikuwa chuma chenye umbo la chupa nene, ncha imechongoka, na pete ya shaba kiunoni.

"Hiki nakijua," nikasema.

"Ulikinunua?"

"Nilikataliwa. Ni cha shangazi yangu. Anapimia omena."

Hapo lazima niwaeleze. Waya Risper, na waya kwetu ni shangazi, ni dada mdogo wa baba, ameolewa upande wa kusini, ufuo mmoja mbele ya Sindo ambao jina lake nitaliacha kwa sababu mtaona wenyewe. Anauza omena, wale dagaa wa ziwa. Kule wanunuzi kutoka mjini walikuja kwanza na mabeseni yao, yamebonyezwa chini yapanuke. Wanawake wakakataa. Wakaja na mizani ya springi, springi imelegea. Wakakataa. Wakaja na mawe ya mizani ya chuma, yametobolewa chini na kuzibwa kwa nta na rangi. Mwishowe wanawake wakasema ufuo huu unapima kwa jiwe moja tu, jiwe la Risper, ambalo baba mkwe wake alilifukua akichimba msingi wa nyumba. Wanaliita Tano, yaani kilo tano. Lina uzito, halitoboki, halipungui. Wavuvi wanawauzia akina mama kwa Tano, na akina mama wanawauzia wa mjini kwa Tano. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana mwenye njaa ya shaba, nililiweka juu ya mwamba nikaanza kuitoa ile pete kwa patasi na nyundo. Waya akanifukuza na mwiko. Nilidhani ananinyima riziki.

Kwamba wazungu walipigania ziwa hili, Wajerumani na Waingereza, wakirushiana mizinga kutoka kwenye meli zao, tulisikia kwa wazee, ambao wao walikumbuka zaidi mizigo waliyobebeshwa kuliko nani alishinda. Hakuna aliyesema kuna kitu kilibaki.

Sikumngojea Mutiso amalize. Nikapiga simu.

"Waya, uko wapi?"

"Niko bich, bandani, napima. Ongea haraka."

"Lile jiwe liko wapi?"

"Si nimekwambia napima? Liko kwa mizani."

"Usiliguse. Usilishushe. Toka hapo sasa hivi, ni bomu!"

Sasa, ninyi hammjui Waya Risper. Mtu mwingine angecheka, angeuliza, angemaliza kupima kwanza. Yeye hubishana juu ya bei tu. Ukimpa amri kwa sauti ya hofu, anatii kama mwanakwaya. Aliacha kila kitu kilivyokuwa akatoka bandani. Jiwe likabaki likining'inia kwenye sinia moja ya mizani, juu ya sakafu ya mawe, na omena mbichi kwenye sinia ya pili zikilishikilia.

Mutiso alipoelewa nilichofanya, alikaa juu ya gurudumu la trekta. "Kwa hiyo miaka yote lilikuwa linawekwa chini taratibu," akasema, "na leo, kwa sababu yako, liko hewani."

Akachukua simu. "Mama, nisikilize. Usirudi karibu. Watu wote wakae hatua mia tatu."

Waya akauliza, "Hatua za nani? Zangu au za mtu mrefu?"

"Hatua zozote, Mama."

"Mia tatu ni kwa kanisa. Wacha iwe mia."

"Mama, hii si bei."

"Mia moja na hamsini, basi, na mtu mmoja akae karibu kufukuza ndege."

"Ndege gani?"

"Omena ziko wazi, Bwana. Unafikiri kunguru wanasoma?"

Mutiso alinitazama. Nikaona naye amefanya hesabu ile ile. Kila omena inayoliwa upande huu, jiwe linateremka upande ule. Na zile ambazo kunguru hawatakula, jua litazikausha, na omena kavu ni nyepesi. Ingewezekana lishuke polepole kama kikapu. Ingewezekana pia kunguru watatu watue pamoja, waruke pamoja, sinia ipinduke, na jiwe litue kwa ncha juu ya mawe.

"Litalipuka?" nikauliza.

"Sijui. Hakuna anayejua. Limevumilia mengi, pamoja na nyundo yako. Labda halitalipuka kamwe. Labda limechoka."

Alipiga simu zake kwa askari wa mabomu wa serikali, maana shirika lake linaruhusiwa kufundisha na kuzungushia utepe, si kugusa. Wakamwambia watafika kesho asubuhi. Nikafunga kibanda.

Kisian, Ndori, na gurudumu lisilo pacha

Tulikuwa na pikapu ya shirika, dereva kijana wa Manyatta aitwaye Felo. Mutiso akaketi mbele na karatasi zake, mimi nikaketi nyuma yake nikimhesabia saa. Nilikuwa nimepiga hesabu tufike feri ya Luanda Kotieno saa sita, Mbita saa saba, kwa Waya saa tisa.

Kabla ya Ndori gurudumu la nyuma likatoboka. Felo akatoa la akiba, likawa dogo kuliko wenzake kwa kiganja kizima.

"Hili ni la gari gani?" nikamuuliza.

"Ni la hii hii, Mzee. Lilikuwa la ile ya kwanza, kabla ibadilishwe."

Tukaendesha tukiwa tumeinama upande mmoja kama watu wanaomsikiliza kiziwi, hadi kwa fundi wa panchari. Fundi akataka mia tano. Nikamwambia kwa mia tano nataka na yeye tuende naye. Tulikuwa tumefika mia mbili, ameanza kulegea kwenye mia na themanini, Mutiso akatoa noti ya mia tano akampa, akasema hana muda. Yule fundi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akitukanwa. Nusu saa. Kwa kweli ilikuwa dakika arobaini, nilitazama mara mbili.

Waya akapiga. Sasa alikuwa ananipigia mimi, maana alisema yule Mkamba, yaani Mutiso, anaongea kama redio ya asubuhi.

"Kunguru wamekuja wawili. Nimewatupia mawe."

"Waya, unatupa mawe kuelekea bomu?"

"Nalenga kunguru," akasema.

Mutiso aliyekuwa anasikiliza akageuka akaomba simu, kwa upole sana, kama daktari. Akamwambia asitupe kitu chochote. Apige makelele tu.

"Nimepiga makelele tangu asubuhi. Sauti imekwisha. Nimewaambia wajukuu wapige masufuria."

"Wajukuu wako wapi?"

"Wako hapa na mimi. Usijali, ni hatua tisini."

Luanda Kotieno, mahali ambapo hatukuvuka upesi

Feri ilikuwa imefika, tuliiona. Ilikuwa mbele yetu, na kati yake na gati kulikuwa na shamba la gugu maji ambalo upepo ulikuwa umelisukuma asubuhi hiyo hiyo, kijani kibichi, na maua ya zambarau juu yake, pazuri kabisa. Feri ilijaribu kuingia, ikarudi nyuma, ikajaribu tena. Mtu wa tiketi akasema upepo ukigeuka ni dakika kumi. Usipogeuka, alisema, kuna gesti nzuri hapo juu.

Kuzunguka kwa barabara kupitia Kisumu, Katito na Homa Bay kungekuwa usiku. Tukakaa.

Nikanunua ngege wa kukaangwa na ugali kwa mama mmoja mwenye kibanda cha mabati. Mutiso akasema hali samaki mwenye macho. Mama akamuuliza kwani nyama anayokula ilikuwa kipofu. Akala mandazi matatu. Mimi nililipia ngege mmoja nikala mmoja na nusu, maana yule mama aliniongezea mkia kwa kumsikitikia mwenzangu.

Kosa langu la pili la siku nililifanya hapo. Waya alipiga, mtandao ukawa mbaya, nikasimama nikapaza sauti, "Bomu liko namna gani sasa?" Mbele ya abiria wapatao arobaini. Nikahesabu baadaye, thelathini na nane.

Walitazama pikapu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na sanduku la bati lenye alama nyekundu ya fuvu, ambalo shirika lilichora ili watoto waelewe. Wakaelewa.

"Hiyo gari haivuki na sisi," akasema mama mmoja mwenye matenga mawili ya kuku.

Mutiso akaanza kueleza juu ya elimu ya usalama kwa jamii zilizoathirika. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyosogea nyuma. Alisema neno "vilipuzi" mara nne. Nikamwambia anyamaze, nikapanda nyuma ya pikapu, nikasema, "Haya, nafungua. Anayetaka kukimbia akimbie, lakini aache nafasi yake kwenye foleni."

Hakuna aliyekimbia. Nikafungua. Ndani kulikuwa na utepe wa njano, kipaza sauti, vizibao vinavyong'aa, karatasi za picha, na kofia za bure thelathini. Dakika tano baadaye kofia zote zilikuwa vichwani mwa watu, na mama wa kuku alikuwa na mbili.

"Sasa hili bomu lenyewe liko wapi?" akaniuliza, akiwa amechuchumaa na ile karatasi ya picha. Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali ambalo Mutiso hakuwahi kuuliza, na mimi pia sikuwa nimeliuliza.

"Wakilichukua, mtapimia nini?"

Akajitambulisha: Mama Benta, anauza kuku na omena kavu, ufuo wa pili kutoka kwa Waya. Akakunja ile karatasi akaiweka kifuani.

Upepo uligeuka saa nane na dakika ishirini.

Mbita kwenda Sindo, tukiongozwa kwa simu

Kwenye feri sikukaa. Nilitembea kutoka mbele hadi nyuma, hatua arobaini na moja, na kurudi arobaini na mbili. Mutiso akaniambia mbio zangu haziisogezi feri. Nikamwambia najua, lakini zinanisogeza mimi.

Simu ya Waya ilikuwa inaita bila kupokelewa. Mara ya kwanza nikasema yuko mbali nayo. Mara ya tatu nikawa namkumbuka kwa wakati uliopita, mtu alivyokuwa mwema, na nikajikasirikia. Tulipokuwa tunashuka Mbita ikapokelewa na mjukuu wake wa kike, ambaye humwita bibi yake Dani.

"Dani anasema hawezi kushika simu. Mikono imejaa."

"Imejaa nini?"

"Ameshika mpondo."

Mpondo, kwa nyinyi mnaoliona ziwa kutoka barabarani, ni mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Nikauliza Dani anafanya nini na mpondo. Mtoto akasema anapima.

Felo aliendesha ile barabara kama mtu anayefukuzwa na mke wake wa zamani. Sindo tulipita bila kununua hata maji. Mutiso alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili, na nikaona kwamba pasi ya shati imekufa.

Ufuoni

Tulisimama kwenye kilima kifupi juu ya ufuo. Mutiso akavaa kizibao chake kinachong'aa akashuka na kipaza sauti. Kulikuwa na wanaume wengi chini wamekaa kwenye mitumbwi, karibu kabisa na banda, wakitazama, maana bomu au si bomu ilikuwa ni kitu cha kutazamwa. Mutiso hakuwa hata amefungua mdomo. Mmoja wao akainua kichwa, akaona kizibao, akasema neno moja. Wote wakainuka, wakakusanya nyavu zao, wakatoweka, wengine kwa maji, wengine kwa vichaka. Ufuo ukawa mtupu.

"Sijawahi kuona watu wakihama haraka hivi," akasema Mutiso. "Nimefundisha jeshini."

Sikumwambia. Walidhani ni afisa wa uvuvi amekuja kukagua matundu ya nyavu, na nusu ya nyavu zile zilikuwa na matundu ambayo hata mbu angeomba radhi kupita.

Alibaki mtu mmoja. Waya Risper alikuwa amesimama nje ya banda, nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, ameshika mpondo kwa mikono miwili. Mwisho wa mpondo alikuwa amefunga kata. Ndani ya kata kulikuwa na omena. Alikuwa akiinyoosha polepole kupita juu ya mtumbwi, kupitia upande ulio wazi wa banda, hadi juu ya sinia, na kuimimina, omena moja moja, huku akitazama ule mkono wa mizani. Kisha akarudisha mpondo, akapumzika, akachota tena kutoka kwenye karai.

Mizani ilikuwa sawasawa kabisa. Waya alikuwa ameishikilia hivyo tangu saa tano.

"Zinakauka," akaniambia bila kugeuka. "Na kunguru wamechukua kama robo. Nimerudisha."

"Waya, toka hapo."

"Nikitoka linashuka."

"Acha lishuke."

"Odhis, wewe ndiye uliniambia lisishuke."

Ni kweli. Nimebishana na watu wa kila namna katika kazi hii, na hapo nilishindwa na maneno yangu mwenyewe, yakirudishwa kwangu bila kupunguzwa hata senti.

Ni Mutiso aliyelitatua, na nampa heshima yake. Hakumpigia kelele. Alienda akasimama nyuma ya mtumbwi pamoja naye, akatazama mizani muda, akasema, "Mama, umefanya kazi nzuri. Sasa tutaweka mchanga, ili hata likishuka lishuke kwenye godoro." Akamwonyesha kwa mikono. Waya akafikiri.

"Mchanga kiasi gani?"

"Magunia kumi."

"Nane yanatosha, banda ni dogo."

"Kumi, Mama."

"Tisa."

"Tisa," akasema Mutiso. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anaelewana na mtu.

Kumimina ule mchanga chini ya jiwe ilikuwa kazi ya mpondo na kata, kutoka nyuma ya mtumbwi, zamu kwa zamu, mimi na Mutiso, hadi kilima laini kikaota na kubakisha upana wa kidole chini ya sinia. Magunia yaliyobaki tukayapanga mbele ya mtumbwi. Kata mbili nilizimwaga nje. Kisha Waya akaongeza omena za mwisho, akasawazisha, akauweka chini mpondo wake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakubali kupanda kilima.

Kesho yake asubuhi

Askari wa mabomu walikuja wanne, wapole, na buti safi. Waya alikuwa ameshuka alfajiri na mpondo wake kuisawazisha mizani tena, nao wakaitazama kwa muda mrefu. Mkubwa wao akauliza nani aliisawazisha. Tukamwonyesha. Akavua kofia.

Hawakutumia hata robo saa. Walilitoa kwenye sinia, wakalilaza kwenye sanduku la mchanga, wakalipeleka kwenye shimo walilochimba mbali kwenye uwanja wazi. Tukalala chini nyuma ya kilima, kijiji kizima. Wazee kadhaa walikuwa wakinong'ona kwamba ni chuma tu, kwamba Risper amesumbuliwa bure na mtoto wa kaka yake aliyejifunza woga mjini.

Kishindo kiliruka ndani ya kifua changu kabla hakijafika masikioni. Mabati ya kanisa yakalia yote. Udongo ulianguka muda mrefu, kama mvua inayojuta.

Wazee wakaanza kujipangusa udongo. Waya Risper alikuwa amekaa, mikono imefunika magoti.

"Nilikuwa nalala nalo chini ya kitanda," akasema. "Kwa sababu ya wezi." Kisha, "Wale wajukuu wangu wasichana walikuwa wanalifunga leso. Wanalibeba mgongoni. Walikuwa wanalinyamazisha lisilie."

Nikamshika bega.

Baadaye akainuka akaenda kupika, kwa maana wageni wamefanya kazi na hawajala. Akakaanga omena na nyanya, ugali wa mtama, tukakaa na askari wale tukala. Hata Mutiso alikula. Alifumba macho yake ili asione yao. Nilirudia sahani. Wanawake wa ufuo walikuwa wamekusanyika nje, na mmoja akauliza wazi, sasa tutapimia nini. Nikajibu kwa majivuno ya mtu wa vyuma. Nitawakatia kipande cha reli, nikasema, kiwe na uzito ule ule wa Tano, hata punje isizidi. Wakauliza nitajuaje uzito wa Tano na Tano limekwenda hewani. Nikawaambia ni rahisi. Waya aliisawazisha mizani hadi dakika ya mwisho. Kwa hiyo zile omena zilizokuwa kwenye sinia ya pili ndizo uzito wake kamili. Tutazipeleka Sindo kwenye mizani ya duka, tutajua.

Waya akatazama sufuria.

"Zilikuwa zimeshakauka vizuri," akasema. "Niliona zisiharibike."

Tulikuwa tumeula uzito wa jiwe. Mimi nilikuwa nimeula mara mbili.

Kurudi, na ninachowaomba

Nimeshawapelekea jiwe la kilo tano halali, lenye muhuri. Limerudishwa na dereva wa lori kesho yake. Wanawake wanasema si zito kama Tano, mkono unajua. Wavuvi wanasema kama ni hivyo basi wamepunjwa tangu babu zao. Wanunuzi wa mjini wamesikia hakuna jiwe, wamekuja na mabeseni. Waya ameuza wiki hii kwa beseni, na hajanilaumu, na hilo ndilo linanikosesha usingizi.

Lakini si hilo la kuwaomba ushauri. Tulipokuwa gatini Mbita tukingoja feri ya kurudi, Mutiso akiwa anatafuta mandazi, alinijia Mama Benta, yule wa kuku, ile kofia kichwani. Alitoa ile karatasi ya picha kifuani, akaikunjua, akaweka kidole kwenye picha ya tatu.

"Sisi pia tunapima," akasema. "Letu ni kubwa kidogo. Tunaliita Saba."

Nikamwambia twende kwa Mutiso sasa hivi. Akanishika mkono, na ana mkono wa mtu anayeshika kuku kutwa.

"Nimeona Risper alivyofanyiwa. Walikuja wakachukua, wakaacha karatasi. Ukimwambia huyo, wakija hawatalikuta. Nitalizika ninapojua mimi. Lakini wewe ni mtu wa vyuma. Nikatie Saba ya kweli, iliyo sawa na langu, niione kwa macho yangu kwenye mizani. Siku hiyo nitawaita mwenyewe waje walichukue."

"Nitajuaje uzito wake bila kulipima?"

"Nitakupimia mimi," akasema. "Sema tu lini."

Feri ikapiga honi. Tangu siku hiyo ananipigia kila asubuhi, saa moja kamili, kabla hawajafungua banda. Anauliza kama reli imepatikana. Reli iko hapa, nimeiegemeza mlangoni. Nimemwambia asiliguse, asilipime, asilihamishe, asubiri. Naona jinsi maneno yangu yalivyowahi kutiiwa. Nikimwambia Mutiso, litazikwa mahali ambapo siku moja mtoto atachimba. Nisipomwambia, liko pale, linapandishwa na kushushwa, kila siku ya soko. Nikikata reli kwa kukisia, atajua kwa mkono, na hatatoa.

Nyinyi ni wengi, na baadhi yenu mna akili. Nimwambie nini kesho saa moja?